Kwa Gideoni Hafi Mtu

Mtihani wa Kijerumani una vipande vinne, na Glory alikuwa amevuka vitatu. Kusoma alifaulu. Kuandika alifaulu. Hata kuzungumza, ambako wenzake walitoka wameloa jasho kama watu waliotoka kupalilia, alifaulu na akasifiwa. Kipande cha kusikiliza ndicho kilichomwangusha, na hicho kimoja kilitosha kuufunga mlango. Ile nyumba ya kutunzia wazee kule Ujerumani, iliyokuwa tayari kumpokea kama muuguzi, ilimwambia wazi kwamba nafasi yake itamngoja hadi mwisho wa mwaka. Arudie kusikiliza, akishindwa tena, atapewa mwingine. Mtu asiyesikia wazee wanasema nini hawezi kuachiwa wazee.

Glory hakuona kosa katika hilo. Lililomsumbua ni kwamba yeye aliona amesikia. Alitoka kwenye chumba cha mtihani akitabasamu. Kila sauti iliyopita kwenye hedifoni aliielewa, tena aliielewa mpaka mwisho wake, na majibu yalipokuja alidhani wamekosea jina.

Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mama Gideoni wa Chikongola. Baba yao, marehemu Josephu, aliletwa Mtwara na kazi ya bandari akitokea Bukoba, akaja na mkewe Sabina, na watoto wote wawili wakazaliwa huku, wakala ming'oko, mizizi ya porini, na wenzao wa huku, wakaongea Kiswahili cha huku. Mkubwa alikuwa Gideoni. Sasa nyumbani walibaki mama na binti, na mkataba wa Glory pale hospitalini ulikuwa umekwisha na haukuongezwa. Kwa hiyo ile safari haikuwa anasa. Ndiyo iliyokuwa imebaki.

Kijerumani alifundishwa na Sista Theresia, mtawa mnene mwenye kicheko, aliyewahi kuishi Ujerumani miaka mingi akihudumia wagonjwa. Alifundisha kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa parokia, na baada ya yale majibu alimbakiza Glory.

"Unaangalia muvi za Kijerumani?"

"Siangalii, Sista. Bando linaisha katikati. Nitajua mwanzo wa kila hadithi na mwisho nisijue hata mmoja."

Sista akacheka. "Tafuta mwenye diski. Ila usichague kwa uzuri, mwanangu. Za vita ziache, humo mabomu yanaongea kuliko watu. Za wafalme wa zamani ziache, hakuna mgonjwa atakayekusemesha kifalme. Katuni nazo sauti zake si za binadamu. Wewe itazame kwanza bila sauti. Ukiona midomo inafanya kazi, watu wako mezani, wako jikoni, mmoja yuko kitandani anaumwa, wawili wanagombania nani ameacha dirisha wazi, hiyo ndiyo yako. Chukua moja au mbili, uzirudie mpaka uzichoke. Na yale maandishi ya chini uyafunge. Macho yakisoma, masikio yanalala."

Glory akaitikia. Hakumwambia Sista kwamba muvi za Kijerumani mjini Mtwara alizijua zilipo, na kwamba mtaa wenyewe alikuwa anauzunguka, apite njia ndefu kwenda sokoni, tangu kaka yake alipoondoka duniani.

Ziko dukani kwa Ehsan.

Ehsan ni wa ukoo wa wafanyabiashara wa Mikindani, Mwislamu mwenye swala zake, mpole. Alianza na redio, akaingia kwenye muvi, na sasa simu zilipowatoa watu kwenye muvi anauza makava na chaja. Lakini nyuma ya duka kile chumba kipo bado, kile alichokipigilia magodoro ukutani ili sauti isirudi. Humo ndimo Gideoni alimofanyia kazi. Alikuwa mtafsiri wa muvi. Wasiojua kazi hiyo waelezwe: muvi inakuja na lugha yake, Kichina, Kihindi, Kikorea, na kijana anakaa na maiki, anaipunguza sauti ya wenyewe, anaweka yake juu. Anawasemea wote, wanaume kwa wanawake, watoto na wazee, na katikati anatupa salamu kwa watu anaowajua. Kisha muvi inakwenda kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea muvi kwa kiingilio, na kwenye flashi za watu, mpaka vijijini.

Gideoni hakujua lugha hata moja kati ya hizo. Alitazama nyuso tu, akatunga. Na alikuwa na jambo lake moja. Zamani kidogo aliwahi kutafsiri kifo kama kilivyo, shujaa akafa, na kibanda kizima kikatoka kimya kama kimetoka makaburini, na mama mmoja aliyekuja kutoka Ziwani na watoto wake alikuja kumgombeza mpaka dukani, "Tumeacha misiba nyumbani, na huku unatuwekea mwingine?" Tangu siku hiyo Gideoni hakuua tena. Mtu akipigwa risasi, sauti yake inaingia haraka: "Tulieni, tulieni, huyo hajafa, amezimia tu." Mtu akiteremshwa kaburini, Gideoni anasema ni sanduku la mali, wanalificha wezi wasilione. Watoto wakashika wimbo wake. Akianguka mtu kwenye muvi yoyote, wanapiga kelele pamoja: "Kwa Gideoni hafi mtu!"

Mwenyewe alikufa masika ya mwaka juzi. Alikuwa anavuka mto pale Kilambo kwenda ng'ambo, Msumbiji, na spika yake na muvi zake, kwa kuwa vijiji vya kule vilimpenda. Ruvuma ilikuwa imejaa. Mtumbwi ulipinduka. Wengine walipatikana, wazima na wafu, lakini Gideoni hakupatikana.

Basi Glory akaenda.

"Karibu, dada," alisema Ehsan akiwa ameinamia simu aliyoifungua. Kisha akainua uso, na bisibisi ikamtoka mkononi. "Glory."

"Shikamoo, Mzee Ehsan."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu," alisema Glory, ingawa mama yake hakujua kama amekuja. "Nataka muvi za Kijerumani. Zile za kwenye diski ya yule fundi."

Fundi huyo alikuwa Mjerumani aliyekuja na shughuli za gesi upande wa Madimba. Alileta diski itengenezwe, akahamishwa, hakurudi tena kuifuata.

Ehsan aliokota bisibisi. "Zote ziko na yeye, kaka yako," akasema.

"Najua."

"Diski ilikuwa inajaa. Akimaliza kutafsiri tunafuta ile ya mwanzo. Nikikupa hii, ukiiweka, anayetangulia kuongea ni yeye."

"Nitasikiliza wanaosema nyuma yake."

"Kwani mtandaoni hakuna?"

"Bando, mzee."

"Bando," Ehsan akarudia, kwa adabu ya mtu aliyeamua kukubali.

Akamfungulia kompyuta ya duka. Glory akafunga sauti, akachagua kama alivyoelekezwa, kwa midomo. Askari kwenye mahandaki, akaruka. Malkia na farasi, akaruka. Watu wanateleza kwenye theluji, hakuna anayeongea, akaruka. Akapata moja ya familia inayooka mikate, baba na wanawe wanabishana tangu alfajiri unga ukiwaruka usoni. Akapata nyingine ya mzee na binti yake kwenye nyumba ya ghorofani, mzee anaumwa, binti anamlisha, wanaongea, wanaongea. Hiyo ilimfaa hasa. Ilikuwa kazi yake yenyewe ya kesho.

Ehsan akampakilia kwenye flashi. Alipokuwa anaitoa alifungua mdomo kama mwenye neno, kisha akaufumba.

Nyumbani hakuwa na haja ya kumficha mama. Sabina alikuwa na za kwake. Kila siku baada ya chakula cha jioni alijitandikia mkeka mbele ya TV, akachagua muvi mojawapo ya mwanawe, akaongeza sauti ya sabufa mpaka vyombo vikatikisika kabatini. Hakutazama sana. Alichambua mboga, alisuka ukili, na mara kwa mara alicheka pale Gideoni alipotania. Mtu akianguka kwenye muvi, alisema taratibu, "Ataamka huyo."

Kutoka Bukoba baba mdogo wa watoto alikuwa amepiga simu. Kwa desturi ya kwao, mtu aliyepotelea majini huzikiwa mgomba mahali pa mwili wake, ili nyumba ipumue. Alitaka kuja kusimamia. Sabina alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Shemeji, nizike mgomba, na mwanangu anaongea sebuleni?"

Na wanawake wa Jumuiya walipokuja kusali rozari, Joyce, mwenyekiti wao, alimwita "Mama Glory", kwa nia njema, asimtoneshe. Sabina hakuitika. Akaita tena. Sabina akawa anapanga viti tu, mpaka Joyce alipoita "Mama Gideoni" ndipo akageuka na kusema, "Abee." Wakasali. TV ilipunguzwa ila haikuzimwa. Walipofika mahali pa kumwombea marehemu, wanawake wote wakaitikia kwa sauti moja, "Apumzike kwa amani, amina," na kutoka pembeni ikaja sauti ya kijana, changamfu, ya karibu kabisa: "Jamani, mambo bado! Msiondoke!"

Joyce alidondosha rozari. Walioondoka siku ile waliondoka upesi, na mmoja akasahau kandambili.

Glory alianza na muvi ya mikate. Akaona njia ilivyo. Kaka yake alipozungumza, Wajerumani walizama. Alipovuta pumzi, waliibuka. Ilimbidi awawahi hapo, kwenye pumzi. Alirudia na kurudia mpaka akazijua pumzi zenyewe: ile fupi ya katikati ya maneno, ile ndefu ya kutafuta la kutunga, ile ambayo baada yake unasikia glasi ya maji ikiwekwa mezani. Katika hiyo ya maji Mjerumani aliweza kumaliza sentensi nzima. Siku moja alishtuka kuona kifua chake mwenyewe kinapanda na kushuka pamoja na cha kaka yake. Akasimama, akatoka uani, akasali Salamu Maria, akarudi.

Alikuwa anaendelea vizuri, au ndivyo alivyoona. Mambo ya unga na mikate aliyashika. Akahamia kwenye muvi ya mzee na binti.

Mama yake alikuja kukaa naye, na mkeka wake na sahani ya mchicha. Mle ndani Gideoni alikuwa amenoga. Mzee alimfanya mkorofi wa Chikongola, anakataa uji, anataka pweza. Binti akamfanya mwenye maneno mengi anayefoka kwa Kimakonde cha kuokoteza. Sabina alicheka mpaka akafuta macho. Kisha ikafika asubuhi moja katika muvi: binti anaingia na kikombe, anakiweka, anamgusa mzee shavu, anakaa. Anakaa sana.

"Amelala huyu," sauti ya Gideoni ikasema, laini. "Muacheni mzee alale. Kesho ataamka, tutampeleka mnadani."

Binti akachukua simu. Gideoni akavuta pumzi ya maji. Na yule binti akasema kwenye simu, polepole, maneno matatu ambayo Glory aliyasikia kama yamesemewa sikioni mwake: "Papa ist tot."

Ni sentensi ya kwanza ya Kijerumani aliyoielewa bila kuifikiria. Baba amekufa. Glasi ikagonga meza, Gideoni akarudi, akaendelea na habari za mnada.

"Amesema Papa," alisema Sabina. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mchicha. "Hapo alipoongea na simu. Amesema nini kuhusu baba yake?"

Sebule ilikuwa na sauti ya Gideoni tele, inacheka, inasalimia watu wa stendi. Glory alimtazama mama yake. Shingo yake ilikuwa imekonda tangu masika yale.

"Amesema amelala, mama."

"Enhe," alisema Sabina, akarudi kwenye mchicha. "Si ndivyo kaka yako alivyosema?"

Kesho yake darasani Sista Theresia aliwawekea sauti ya mazoezi. Mzee mmoja anampigia jirani simu. Sista akaicheza mara mbili kama kwenye mtihani, akamnyooshea kidole Glory.

"Mzee anasema nini?"

"Anasema mbwa wake anaumwa. Leo hawatatoka kutembea. Mbwa akipata nafuu watatembea kesho, na huyo jirani aje na watoto."

Sista hakucheka.

"Mbwa akipata nafuu. Nani kakwambia?"

"Nimesikia, Sista."

"Isikilize tena."

Glory akasikiliza. Mzee akaanza: habari za asubuhi, mbwa, usiku mzima. Na pale pale, ndani ya kichwa cha Glory, kabla yule mzee hajafika mwisho, sauti nyingine ikaingia juu yake, changamfu, inayojua kila kitu: *Tulieni, tulieni, mbwa hajafa.* Ikamalizia hadithi yote. Sauti ya mzee ilizama chini yake, na ilipoibuka ilikuwa inaaga tu.

Akajua ilikuwa hivyo hivyo kule kwenye mtihani. Tangu utotoni hakuwahi kutazama muvi ambayo mtu hakumwambia inasema nini, na mtu huyo alikuwa kaka yake, na kaka yake alikuwa hajaacha kumwambia.

Wenzake walipotoka alimweleza Sista kila kitu: magodoro ukutani, Kilambo, mama, pumzi. Sista alimshika mkono muda wote.

"Masikio yako mazima," alisema mwishowe. "Ila kuna mtu anakujibia. Likija la huzuni tu, anakutangulia mlangoni, anasema hakuna mgeni. Anakupenda, simlaumu. Lakini mwanangu, mle utakamokwenda kuna wazee. Watakwambia wanaumwa wapi. Watakwambia wanakufa. Utawaambia wamelala?"

Glory akalia.

"Tafuta muvi ambayo hakuisema," alisema Sista. "Mimi nitakuombea. Kuichagua, ukaichague mwenyewe."

Ehsan alipomwona anaingia mara ya pili alielewa kabla hajasalimiwa. Akamwekea kiti.

"Nilikuambia zote ziko na yeye. Nilikuficha. Iko moja tupu."

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa kuiingiza nyumbani kwa mama yako." Ehsan akashusha sauti, ingawa dukani hakukuwa na mtu. "Kaka yako aliirudisha mwenyewe. Alikaa nayo siku nyingi chumbani humo, akatoka kachoka. Akaniambia, bosi, hii imenishinda. Kuna mama anamtafuta mtoto wake. Huyo mtoto nimemzimisha, nimemsafirisha, nimemwoza mji wa mbali. Kila ninapomficha, yule mama bado anatafuta. Uso wake unanikataza. Akaniachia. Hata mwezi haukupita akaenda Kilambo." Akafungua kompyuta. "Itazame kwanza, kama zile nyingine. Ukiona siyo, uiache."

Glory akafunga sauti. Kijiji kando ya ziwa kubwa lililoganda. Jikoni, mama, meza, majirani. Midomo ilikuwa inafanya kazi. Alitazama uso wa yule mama kwa kitambo, akasema, "Ndiyo hii."

Alipoiweka kwenye TV jioni, Sabina alikuwa tayari amekaa mkekani. Muvi ikaanza na upepo. Upepo ukavuma, mlango ukafunguka, mama wa kwenye muvi akaita jina la mwanawe, akaongea naye, mtoto akajibu, akavaa kofia, akatoka. Yote hayo kwa Kijerumani kitupu, na sebule ikawa kubwa ghafla, kana kwamba mtu amehamisha kabati.

Sabina alisogeza sikio. "Mbona hasemi?"

"Hii hakuisema, mama."

"Labda atasema mbele."

"Hasemi mbele pia."

Sabina aliitazama TV. "Ongea, baba," aliiambia, kwa upole, kama anavyoambiwa mtoto mwenye aibu mbele ya wageni. Watu wa kwenye muvi wakaendelea kuongea yao. Jirani yao Mwajuma alikuwa anatwanga upande wa pili wa ukuta, na kinu nacho kikanyamaza, na wote wawili, mama na binti, walijikuta wanangoja.

"Iondoe. Weka nyingine."

"Mama, naomba tuione hii. Mtihani wangu uko humu."

Sabina akavuta khanga mabegani. "Basi nisemee wewe."

"Nikisema sitasikia."

"Usikie kwanza, halafu useme. Kaka yako alikuwa anakurupuka tu, siku zote nilimwambia."

Glory alicheka bila kutarajia, na mama yake akacheka kidogo. Wakafanya hivyo. Watu wakiongea, Glory anasikiliza. Wakinyamaza, anasimamisha picha, anamwambia mama. Mtoto amekwenda kuvua samaki kwenye barafu. Mama anasema jua linazama. Jirani anasema atakuwa amelala kwa rafiki. Mama anasema rafiki gani. Asipolielewa neno alisema, "Hapo sijashika, mama," na Sabina alisema, "Rudisha." Walikwenda hivyo taratibu, mpaka wanaume wawili walipobisha hodi kwenye nyumba ile, wakavua kofia.

Mmoja akaongea. Na Gideoni akaja. Glory alimsikia ndani ya kichwa chake akiwa wazi kuliko wakati wowote: *Jamani, furaha! Kijana ameonekana kijiji cha pili, anakunywa chai!* Hakumnyamazisha. Alimwacha aseme mpaka amalize, kama unavyomwacha mkubwa wako. Kisha akaivuta picha nyuma, akamsikiliza yule mwanaume upya.

Akasimamisha.

"Wanasemaje?" aliuliza Sabina. Uso wake ulikuwa umegeukia TV, lakini macho yalikuwa yamefumbwa.

"Wanasema wamemtafuta, mama. Barafu ilivunjika." Akamsogelea mkekani. "Wanasema amekufa. Hawajampata, lakini amekufa."

Sabina hakutikisika. "Na yule mama anasema nini?"

Glory akaachia picha. Yule mama alisimama mlangoni, akawatazama wale wanaume, akasema maneno machache. Glory hakuwa na haja ya kurudisha.

"Anawauliza kama wamekula."

Hapo ndipo Sabina alipolia. Hakuwa amelia kwenye msiba, wala Kilambo waliposimama ukingoni na wavuvi wakirudi mikono mitupu. Alijifunika khanga usoni na kulia kwa sauti, mpaka Mwajuma akaja mlangoni na mchi mkononi kuuliza kuna nini, na Sabina akamjibu kutoka ndani ya khanga: "Namlilia marehemu mwanangu." Mwajuma akaacha mchi, akavua viatu, akaja kukaa mkekani.

Sauti haikuondoka kwa siku moja. Glory alirudia muvi ile mpaka theluji yake ikawa kama uwanja wa kwao, na mara nyingi Gideoni alikuja penye huzuni, akasema lake. Glory alimwambia mama, "Amekuja," akamngoja, akarudisha, akasikiliza. Siku zilivyokwenda kaka alikuja amechelewa zaidi. Kwa Sista, Glory alianza kutoa majibu mafupi, mengine ya kusikitisha, na Sista alikuwa akifunga macho na kusema, "Ndiyo. Ndivyo alivyosema." Mwaka ulipokaribia kwisha akapanda basi kwenda Dar es Salaam kurudia kile kipande kimoja. Majibu yalipokuja baadaye alikuwa amepita, si kwa alama za kutangaziwa, ila amepita, na nafasi yake ilikuwa bado inamngoja. Lakini yeye alijua siku ileile, kabla ya karatasi yoyote.

Alijua kwa sababu alipovua hedifoni machozi yalikuwa yanamdondoka mezani, na msimamizi alikuja kumpigapiga bega akidhani ameshindwa. Alitoka nje, akatafuta kivuli cha ukuta, akampigia mama.

"Wamekupa ngumu?" aliuliza Sabina.

"Za kawaida, mama."

Nyuma yake hakukuwa na sauti ya sabufa. "Alikuja?"

"Hakuja, mama. Nilimngoja. Hakuja."

Sabina alivuta pumzi ndefu huko Chikongola. Glory alisikia kuku, alisikia mtu anapita barabarani akisalimia, "Shikamoo, Mama Gideoni," na mama yake akiitikia marahaba.

"Haya. Sasa uliyemsikia alisema nini? Ile ya mwisho."

"Ilikuwa ya mama mmoja anayekaa peke yake kijijini. Anasema basi limeacha kufika kwao. Anasema ana dada yake mgonjwa upande wa pili, na njia ni ya kutembea, na miguu inauma. Anasema kesho asubuhi atajaribu."

"Maskini. Akafika?"

Glory alifuta uso kwa kiganja. Magari yalikuwa yanapita, na ndani ya kichwa chake hapakuwa na mtu wa kumjibia.

"Haikusema, mama. Iliishia hapo."